Bi Gramu na Juisi ya Wifi Yake

Watu wa sokoni walimwita Bi Gramu, na hawakumpa jina hilo kwa mapenzi. Alikuwa mkaguzi wa ofisi ya vipimo, mwanamke mfupi mwenye mabega mapana, aliyezunguka madukani na begi la ngozi lililojaa mawe ya mizani ya shaba, kuanzia la kilo mbili hadi la gramu moja lisilozidi ukucha wa kidole kidogo. Akiingia duka la kwanza, duka la mwisho lilikuwa limeshapata habari. Muuza sukari angekumbuka ghafla kubandua kipande cha sumaku chini ya sahani ya mizani. Muuza nyama angefuta sahani yake kwa kitambaa, mara mbili. Bi Gramu alifungua begi. Aliweka jiwe lake, akainama mpaka jicho likawa sawa na mshale, akasubiri.

Miaka ishirini na saba ya kazi hiyo ilikuwa imemfanya asiangalie sura za watu bali mikono yao. Nyumbani alikuwa vilevile. Mkate ukiletwa aliupima kwanza kiganjani. Alisoma maandishi madogo chini ya kopo, hata kopo alilolinunua miaka yote. Mumewe, fundi saa mpole aliyeshinda kutwa na kioo cha kukuzia kimebanwa jichoni, alikwisha kuzoea.

"Mke wangu," alizoea kumwambia, "siku ukifika mbinguni utadai kwanza kuona cheti cha mlinzi wa mlango."

"Na asipokuwa nacho?"

"Utarudi, najua. Nitakuachia mlango wazi."

Mwaka aliotimiza hamsini na nne, muuguzi alifika ofisini kwao kuwapima wafanyakazi wote. Bi Gramu alikunja mkono wa blauzi, akafungwa ule mkanda, ukajaa upepo, ukalegea.

"Mia moja sabini na mbili kwa mia moja na nne," muuguzi akasema. Akapima tena, namba hazikusogea. "Mama, hii presha ni ya juu sana. Kichwa hakikuumi?"

"Mashine hii ilikaguliwa lini mara ya mwisho?"

Muuguzi akacheka, akidhani anataniwa. Kisha akaona hakuna anayecheka naye.

"Imenunuliwa mwaka huu, mama."

"Kununuliwa si kukaguliwa."

Wiki hiyo alipimwa mahali pengine patatu, kila mahali akisema ndiyo mara yake ya kwanza. Zahanati ya mtaani, hospitali kubwa, na daktari wa watoto aliyekuwa mteja wa mumewe. Zote zilimpa namba za jamii moja. Jioni ya siku ya tatu alikaa kitandani, akakubali. Mashine nne zisizojuana haziwezi kupanga uongo mmoja.

Daktari alimweleza bila kumzungusha. Mishipa yake ya damu ilikuwa imekaza, moyo ukawa unasukuma kwa nguvu kama mtu anayepitisha maji kwenye mpira uliokanyagwa. Akiiacha hivyo, figo zingechakaa, au siku moja mshipa wa kichwani ungepasuka. Alimwandikia kidonge kimoja kila asubuhi, cha kulegeza mishipa, na akamwambia apunguze chumvi. Bi Gramu alinunua dawa hiyo, akahesabu vidonge, akasoma tarehe ya mwisho wa matumizi, akalinganisha chapa ya boksi na chapa ya kibati cha ndani kinachoshika vidonge. Alinunua pia mashine yake mwenyewe ya kupimia na daftari la kuandikia. Baada ya mwezi mmoja alikuwa kwenye mia moja arobaini na nane. Afadhali, lakini bado.

Hapo ndipo Mama Juisi alipojitokeza.

Mama Juisi alikuwa dada mkubwa wa mumewe, yaani wifi yake. Alikuwa na kibanda cha juisi karibu na geti la zahanati, chenye mashine ya kukamulia, ndoo za maji safi, na ubao mweusi ulioandikwa kwa chaki: JUISI YA PRESHA. ISHUSHE KWA TUNDA. Wafanyakazi wa zahanati walimvumilia, na wagonjwa walimpenda, kwa sababu hakuwapanga foleni.

Yeye na Bi Gramu hawakuwa wakigombana. Walikuwa wakisalimiana vizuri mno, ambayo ni mbaya zaidi. Miaka kumi na minane nyuma, Mama Juisi alikuwa na duka la nafaka, na Bi Gramu ndiye aliyelikagua. Mizani ya wifi yake ilipunguza gramu arobaini kwa kila kilo. Angeweza kunyamaza, au kumrudia kesho yake akamnong'oneza. Aliifunga palepale, mbele ya wateja, akapiga lakiri, ile nta nyekundu ya muhuri. Mama Juisi aliapa mbele ya ukoo mzima kwamba hakujua. Duka halikumaliza mwaka.

Sasa huyo wifi alisimama mlangoni asubuhi na chupa ya lita moja, yenye kitu cha rangi ya waridi.

"Wifi, nimesikia unaumwa, nikasema sitakaa tu. Hii ni balungi. Asubuhi na kidonge chako, glasi moja. Utaniambia."

"Kuna nini ndani?"

"Balungi."

"Na nini kingine?"

"Na upendo," Mama Juisi akasema, akacheka kicheko kirefu. Mumewe Bi Gramu naye akacheka. Bi Gramu alikuwa anaangalia kizibo.

Chupa ilipoachwa mezani, hakuinywa. Alikwenda nayo ofisini. Kwenye kabati la nyuma kulikuwa na chombo cha kioo cha lita moja kamili na mizani isiyodanganya hata kwa unywele. Lita moja ya maji safi ni kilo moja, hilo analijua hata aliye usingizini. Juisi iliyochanganywa na maji hukaribia kilo moja, iliyotiwa sukari huzidi. Juisi ya wifi ilikuwa kilo moja na gramu thelathini na tisa. Akanunua mabalungi sokoni, yale makubwa kuliko chungwa, yenye nyama nyekundu na uchungu unaobaki kooni, akayakamua kwa mikono yake. Kilo moja na gramu thelathini na nane.

Tofauti ilikuwa gramu moja tu. Akakaa kwenye kiti, na badala ya kufurahi akaona wasiwasi umemzidi. Kama mtu huyu haibi, basi anataka nini?

Kwa heshima ya mumewe alianza kunywa, glasi ndogo, pamoja na kidonge. Kila baada ya siku mbili chupa mpya iliwekwa mlangoni. Wiki ya pili daftari lilisema mia moja thelathini na mbili. Wiki ya tatu, mia moja ishirini na sita. Alirudia kupima mara tano, mkono wa kulia na wa kushoto.

"Si nilikuambia!" Mama Juisi akapiga makofi. Kufikia mchana, pale kibandani kila mteja alikuwa ameshaambiwa kwamba hata Bi Gramu, yule asiyeiamini hata saa ya ukutani ya mumewe, ameshushwa presha na balungi. Biashara ikachangamka. Mwalimu mmoja mstaafu wa hesabu, aliyekuwa akipita kuchukua dawa zake kila mwezi, alichukua chupa mbili kwa mpigo.

Bi Gramu alisikia habari hizo, hakuzipenda. Lakini namba zilikuwa namba. Akaona kama glasi ndogo imefanya hivi, kubwa itafanya zaidi. Akawa anakunywa glasi kubwa, na nyingine saa nne.

Mambo yakaanza kumgeuka polepole. Uso ulimpanda moto bila sababu. Jioni viatu vilikataa kumwingia, miguu imevimba kifundoni. Akiinuka kitini, chumba kilichelewa kidogo kusimama pamoja naye. Alisema ni uchovu. Kisha Alhamisi moja, kwenye ghala la saruji, alishuka ngazi kuingia kwenye shimo la mizani ya malori, akakagua nondo za chini, akaanza kupanda. Ngazi ya nne, mwanga ulimkimbia. Alisikia dereva wa lori anapiga kelele, kisha akajikuta amelala chali, vumbi la saruji mdomoni, na kiwiko kinavuja damu.

Walimkimbiza zahanati. Themanini na sita kwa hamsini.

"Umemeza vidonge vingapi?" muuguzi akamuuliza.

"Kimoja."

"Una uhakika?"

Hilo ndilo swali ambalo hakuna aliyewahi kumuuliza Bi Gramu katika maisha yake yote.

"Boksi la mwezi huu lilikuwa na thelathini," akasema polepole, kama anayesoma hukumu. "Leo ni siku ya kumi na tisa. Vimebaki kumi na moja. Nenda ukavihesabu."

Nyumbani alilala siku nzima akitazama dari. Akawaza kama alivyozoea kuwaza mbele ya mizani yenye kasoro: ondoa kitu kimoja kimoja, uone mshale unakwenda wapi. Aliacha juisi, akabaki na kidonge. Siku ya tatu alikuwa kwenye mia moja arobaini na sita. Akanywa juisi tena, glasi kubwa mbili, amekaa, mumewe amemshika bega. Kesho yake asubuhi: tisini na mbili.

"Unaona?" akasema.

"Naona juisi inafanya kazi," mumewe akasema.

"Baba, tunda halifanyi hivi. Tunda linashusha kidogo kidogo kama linaomba ruhusa. Hiki ni kidonge. Dada yako anaponda vidonge vya presha, anatia kwenye juisi."

Fundi saa akatoa kioo jichoni. Hakuwa mtu wa kupandisha sauti, na hakuipandisha. "Unajua unachokisema?"

"Najua. Umejiuliza kwa nini wagonjwa wanarudi kwake? Kwa nini presha zao zinashuka? Amekaa mlangoni pa zahanati. Vidonge kuvipata ni kazi gani?"

"Alikuletea chupa bure miezi miwili."

"Ndiyo. Jiulize kwa nini."

Mumewe alirudi kwenye saa yake. Bi Gramu akaichukua chupa iliyobaki nusu, akaifunga kizibo kwa uzi, akayeyusha lakiri nyekundu juu ya fundo, akagonga muhuri wa ofisi. Hilo alijua hana ruhusa nalo. Aligonga hata hivyo.

Asubuhi iliyofuata alikwenda kukaa kwa fundi viatu, ng'ambo ya kibanda cha Mama Juisi. Alivua kiatu kimoja, akampa.

"Kisigino kimelegea."

Fundi akakigeuza, akakigonga, akakinusa karibu. "Mama, kiatu hiki hakina ubaya wowote."

"Kiangalie vizuri."

Fundi akakiangalia vizuri, na Bi Gramu akaangalia kibanda. Mama Juisi alifika, akafunga kitambaa kichwani, akaosha matunda kwenye maji mawili, akapanga glasi. Alihudumia wateja watatu. Hakuna lililokuwa baya. Kisha wateja walipoondoka wote, aligeuka kushoto, akageuka kulia, akafungua fundo kwenye pembe ya kitenge chake. Akatoa kitu kidogo cheupe. Akakiweka kwenye ubao wa kukatia, akakigawa kwa kisu katikati.

Bi Gramu aliruka na mguu mmoja una kiatu, mmoja hauna.

"Usiguse kitu chochote!"

Ilikuwa ni sauti yake ya kazini. Mtaa mzima uliijua. Muuza magazeti akaficha mikono yake bila kujua kwa nini. Mama Juisi alifumba kiganja, macho yamemtoka.

"Fungua mkono."

"Wifi, watu wanaangalia."

"Fungua."

Akafungua. Nusu mbili za kidonge cheupe, zimeloa jasho.

"Ni vyangu," Mama Juisi akanong'ona. Akamvuta nyuma ya kibanda, kwenye maganda na ndoo, na pale ndipo Bi Gramu alipoiona sura ambayo hakuwahi kuiona kwa wifi yake, sura isiyo na kicheko. "Nina presha mwaka wa sita sasa. Nusu asubuhi, nusu jioni. Hata ndugu yangu hajui."

"Wewe? Mwenye ubao ule?"

"Ungekuja kununua juisi ya presha kwa mtu anayemeza vidonge vya presha?"

"Na kwenye chupa yangu unatia nusu ipi? Ya asubuhi au ya jioni?"

Ilichukua muda Mama Juisi kuelewa. Alipoelewa, alikaa juu ya ndoo iliyogeuzwa.

"Unadhani nimekuwekea dawa."

"Nimeanguka kwenye shimo. Nikiiacha juisi yako napanda, nikiinywa naporomoka. Nimeandika yote."

"Unadhani nataka kukuua, wifi? Kwa ajili ya mizani?"

Bi Gramu aliangalia mikono ya wifi yake. Mama Juisi akainuka, akajifuta mikono, akafunga mlango wa kibanda ingawa ilikuwa saa mbili na nusu, saa ya wateja.

"Chupa yako iko wapi?"

"Ninayo. Nimeipiga lakiri."

"Bila shaka umeipiga lakiri. Twende. Sasa hivi, mbele ya mtu aliyesomea. Ukikuta kitu, nifunge. Usipokuta…" Akamtazama miguuni. "Vaa kiatu chako kwanza."

Duka la dawa lilikuwa mtaa wa pili. Mfamasia alikuwa mwanamke mwembamba mwenye mafua makali, kitambaa hakibanduki puani. Aliitazama chupa yenye lakiri, akawatazama wale wanawake wawili waliosimama mbalimbali kama mashahidi wa pande mbili.

"Hapa hatupimi sumu," akasema. "Hiyo ni kazi ya maabara. Lakini hebu, unatumia dawa gani?"

Bi Gramu akatoa boksi. Mfamasia akalisoma, akapiga chafya.

"Unakimeza na nini?"

"Na juisi."

"Juisi ya nini?"

"Balungi," wakasema wote wawili pamoja.

Mfamasia akaweka kitambaa chini.

"Nani amekuambia umeze hiki na balungi?"

Mama Juisi akaangalia sakafu. Bi Gramu, kwa sababu ambayo baadaye hakuweza kumweleza mumewe, akasema, "Tuliona ni tunda tu."

"Sikilizeni. Kidonge hiki kimetengenezwa kwa hesabu kwamba sehemu yake kubwa itaharibiwa tumboni kabla haijaingia kwenye damu. Ndivyo utumbo unavyofanya, na watengenezaji wanalijua, wameliweka kwenye hesabu. Balungi linauzuia utumbo kufanya kazi hiyo. Basi dawa inapita karibu yote. Unameza kimoja, mwili unapokea kama umemeza viwili au vitatu. Mishipa inalegea kupita kiasi, presha inaporomoka, uso unawaka, miguu inavimba."

"Miguu," akasema Bi Gramu.

"Na si lazima uvimeze pamoja. Nguvu ya balungi hukaa mwilini siku nzima na zaidi. Ukinywa asubuhi na kumeza jioni, ni yaleyale."

"Kwa hiyo ndani ya chupa hakuna kitu."

"Sijui kilichomo ndani ya chupa. Nakuambia tu kwamba balungi peke yake linatosha kukuangusha."

Bi Gramu akafikiri. Akauliza swali ambalo mkaguzi wa vipimo angeuliza. "Na kama juisi ingechanganywa na maji?"

"Ungepata balungi kidogo zaidi. Labda usingeanguka."

Mama Juisi akatoa sauti, si kicheko, si kilio. "Umesikia? Mara ya kwanza ulinikamata kwa kupunguza. Leo unanikamata kwa kutopunguza!"

Mfamasia hakujua wanaongea nini, akapenga kamasi.

"Na mimi?" Mama Juisi akafungua fundo la kitenge, akaweka kibati chake kaunta. "Nakunywa kila siku."

"Hii ni ya aina nyingine kabisa. Balungi haliisumbui hivyo. Si dawa zote za presha, ni baadhi. Ndiyo maana mtu huuliza kwanza. Lakini mama, mbona unavigawa? Hapa imeandikwa kimoja kizima, mara moja."

"Vinadumu zaidi."

"Vinadumu, wewe ndiye usiyedumu."

Kabla ya kutoka, Mama Juisi aliuliza kwa sauti ndogo kama juisi haishushi presha hata kidogo, kwa watu wengine, matunda mengine. Mfamasia hakumfukuza. Alisema kuna watafiti waliojaribu, komamanga, machungwa na kadhalika, na wengine waliona mishipa imelegea kidogo na presha imeshuka pointi chache. Lakini watu waliopimwa walikuwa wachache, na majaribio yalikuwa ya wiki kadhaa tu, kwa hiyo hakuna anayeweza kuapa. Na glasi moja kubwa ina sukari ya matunda matatu au manne bila zile nyuzi za tunda lenyewe, na sukari nayo ina mambo yake. "Mtu ale chungwa," akasema. "Akipenda juisi, anywe glasi ndogo, kama kinywaji. Asiache dawa kwa ajili yake."

Bi Gramu alimshukuru. Kisha, akiwa peke yake, alipanda hadi duka la dawa la juu ya barabara, akauliza swali lilelile kana kwamba ni la jirani yake. Jibu likawa lilelile. Ndipo alipokata uzi na kumwaga ile juisi kwenye mfereji.

Mama Juisi alimkuta pale, akiikung'uta chupa.

"Aliyeacha dawa," akasema, na uso umempauka. "Wifi, yuko mtu aliyeacha dawa. Yule mwalimu. Aliniambia mwenyewe, mwezi uliopita. Alisema hahitaji tena vidonge, ana juisi yangu. Nilifurahi. Nilimpa glasi ya bure."

Walikwenda pamoja. Mwalimu alikaa nyumba ya ghorofa, chumba cha juu, na ngazi zilikuwa nyingi. Ghorofa ya kwanza Mama Juisi akasimama kupumua, mkono kwenye ukuta.

"Zile gramu arobaini," akasema bila kuangalia. "Nilijua. Mizani niliinunua hivyohivyo, muuzaji alinionyesha. Sijawahi kumwambia mtu."

Bi Gramu alikuwa amekaa miaka kumi na minane na shaka nyingine, ambayo hakumwambia mtu pia: kwamba huenda alimwonea. Angeweza kusema mengi. "Panda," akasema. "Shika reli."

Mwalimu alifungua mlango mwenyewe, na fulana imegeuka ndani nje. Alisema yuko salama, kichwa tu kinamgonga tangu juzi, na herufi za gazeti zinaogelea. Bi Gramu akatoa mashine yake begini. Mia moja tisini na nne kwa mia moja na kumi na mbili. Akapima tena, akageuza namba zisionekane, lakini mwalimu wa hesabu hafichwi namba.

"Ulisema ishushe kwa tunda," akamwambia Mama Juisi. Hakuwa na hasira. Ingekuwa afadhali angekuwa nayo.

"Nilisema, mwalimu. Niliandika uongo. Mimi mwenyewe nameza vidonge."

Walimshusha ngazi mmoja kulia, mmoja kushoto, mpaka zahanati. Kutoka hapo alipelekwa hospitali kubwa, akalazwa siku nne. Alitoka akiwa mzima, isipokuwa jicho la kushoto ambalo halikurudi vizuri, na daktari alisema mshipa mdogo wa nyuma ya jicho ulivuja. Hakununua tena juisi kwa Mama Juisi, na alipopita getini aliangalia upande mwingine. Mama Juisi alimsalimia kila mara hata hivyo, naye kila mara hakuitika.

Bi Gramu alirudi kwa daktari, akabadilishiwa kidonge, akashika mia moja thelathini na mbili bila tunda lolote kumsaidia. Mume wake alisikia habari yote kwa dada yake na kwa mkewe, kila mmoja kwa namna yake, akasema anaomba kwa heshima asisikie tena neno balungi mezani.

Ule ubao ulifutwa siku ileile. Juisi ikawa juisi tu. Kila mgeni aliyeagiza balungi aliulizwa kwanza anameza dawa gani, na asiyejua aliambiwa akaulize duka la dawa ndipo arudi. Wengi hawakurudi. Mtu aliyekuja kunywa hataki kuhojiwa. Haukupita mwezi, kibanda kingine kilifunguliwa hatua hamsini mbele, na ubao mkubwa mara mbili: PRESHA, KISUKARI, MACHO, MISHIPA YOTE. Wateja walihamia huko, wakapanga foleni.

Bi Gramu alikwenda kukikagua. Hakikuwa na mizani, kiliuza kwa glasi, na glasi zilikuwa za kipimo sahihi. Alisoma kanuni zake usiku na mchana, hakukuta mahali zinapomruhusu kumfunga mtu kwa maneno aliyoyaandika kwa chaki. Sheria yake ilihusu uzito na ujazo tu.

Kwa hiyo sasa, siku asizokuwa kazini, anasimama kwenye foleni ile kama mteja. Anamgeukia aliye mbele yake, anamsalimia, anamuuliza anatumia dawa gani. Mwenye kibanda amemtishia mara mbili kumwitia polisi. Yeye anajibu kwamba anasubiri glasi yake kama wengine, na anaendelea kumuuliza aliye nyuma.